Kocha wa Michezo Miwili

Kocha hakuwa na kidole hata kimoja kilichonyooka. Gumba la mkono wa kulia lilipinda likatazama nje, na kile kidole cha mwisho cha kushoto kilikuwa kimekufa kwenye fundo, hakikunjiki wala hakikunjuki. Akipewa kahawa kwenye kikombe chetu kidogo kisicho na mkono, ilibidi akikumbatie kwa kiganja kizima. Mama yangu alipomuona mara ya kwanza akinywa hivyo, barazani kwetu Hail, mtaa wa Maskati, alinisogelea akaniuliza kwa sauti ya chini, "Huyu maskini kaungua?"

"Hakuungua, Mama. Ni mchezo."

"Mchezo gani huo wa kuvunjana vidole?"

Swali lile sikuweza kumjibu vizuri siku ile, wala mwaka ule. Sasa Kocha hayupo tena Maskati, na kila nikipita chini ya nyumba aliyokuwa akikaa, nnajikuta nnamjibu Mama upya, kidogo kidogo, humo garini peke yangu.

Alikuwa Mwairishi. Alikuja kufundisha michezo kwenye skuli moja ya binafsi, ile ile aliyosoma binti yangu Asya, akakaa humu zaidi ya miaka ishirini. Fleti yake ilikuwa Khuwair ya Kusini, ghorofa ya pili, juu ya duka la dobi, na mwenyewe akisema nguo zake zote zilikuwa zikinuka pasi hata zile asizozipeleka kwa dobi. Jina lake nnalijua, lakini hakuna aliyelitumia. Watoto walimwita Kocha, wazazi Kocha, dobi Kocha, na mwisho hata yeye akipiga simu alisema, "Kocha hapa."

Mimi nna karakana ya samani Ghala, mtaa wa viwanda hapa Maskati. Siku moja asubuhi aliingia na kitu amekizungushia taulo, akakilaza juu ya meza ya kukatia mbao, akafungua taulo taratibu. Ilikuwa fimbo, ndefu ya kufika kiunoni, nyembamba pa kushikia, na kule chini inapanuka na kubapa kama mwiko. Ilikuwa na ufa kutoka kwenye ubapa mpaka katikati.

"Unaweza kuitia gundi?" aliniuliza kwa Kiingereza.

"Naweza. Lakini itapasuka tena."

"Najua. Zote hupasuka. Nataka siku chache tu."

Nikaitia gundi, nikaibana. Tulipokuwa tunangoja, akanieleza kwamba fimbo ile inakatwa kwenye shina la mti wa kwao, mti wa nchi za baridi, mweupe na mwepesi, pale chini kabisa panapoanza mizizi, ili nyuzi za mbao zipinde pamoja na fimbo. Alikuwa na fimbo chache alizokuja nazo, na zikivunjika zote hakujua atafanya nini. Nikamwambia niachie mimi, mbao Ghala hazikosekani. Nikajaribu msaji, akasema mzito, huo wa kutengenezea milango. Nikajaribu mkunazi, akapiga mpira mmoja, akaitupa fimbo chini na kuanza kupuliza viganja vyake. Nikajaribu mbao nyingi ambazo wateja walitaka kwa vitanda na makabati. Hakuna iliyofaa, lakini hakuacha kuja. Nadhani baada ya mwaka wa kwanza alikuwa haji tena kwa ajili ya fimbo.

Kila nikimaliza kumtengenezea, aliijaribu hapo hapo uwanjani, baina ya karakana yangu na gereji ya jirani. Mpira wake ulikuwa mdogo, mgumu, wa ngozi iliyoshonwa. Aliuinua kutoka chini kwa ncha ya fimbo bila kuugusa kwa mkono, akakimbia nao umekaa juu ya ule ubapa, kisha akaurusha kidogo hewani na kuupiga. Mafundi wa gereji waliacha funguo zao wakatazama juu. Mpira ulivuka paa la kwao, ukavuka na la pili, na hatukuuona tena. Yeye wakati ule ni mtu wa miaka arubaini na kitu, tumbo limeanza, goti moja haliko sawa. Nikajiuliza alikuwaje alipokuwa kijana.

Mimi nami nilikuwa mtu wa hoki. Marehemu baba yangu aliicheza Unguja, kabla hatujahamia huku Oman, na siye watoto wake tukaiendeleza hapa, Ijumaa baada ya Alasiri. Nikamwalika Kocha nikidhani fimbo ni fimbo. Mpira ulipomfikia tu, akauinua mpaka usawa wa kichwa na kuupiga kwa nguvu zake zote, na watu wazima wenye familia wakalala kifudifudi kwenye majani. Wakati wetu, fimbo ikipita bega ni kosa. Kwao hapo ndipo mchezo unapoanza. Alitolewa nje ya uwanja akiomba radhi kwa kila mmoja, na wiki iliyofuata alikuja akakaa pembeni na birika la chai, akatushangilia. Alifanya hivyo kwa miaka.

Michezo ya kwao ilikuwa miwili. Mmoja ni huo wa fimbo, unaitwa harling. Mwengine ni mpira wao wa miguu, ambao si huu tunaoujua. Huo unaudaka kwa mikono, unakimbia nao, unaudundisha, unaurusha kwenye mguu na kuurudisha mkononi, halafu unaupiga. Yote miwili inachezwa uwanja mmoja, na magoli marefu yenye mwamba katikati: ukipitisha mpira juu ya mwamba ni pointi, ukiuingiza chini wavuni ni goli. Kwao, aliniambia, sehemu za milimani watu wa mpira, sehemu za bondeni watu wa fimbo. Kijiji chake kilikuwa katikati. Na yeye, akiwa kijana, aliuchezea mkoa wake yote miwili, jambo ambalo wachache sana waliliweza na makocha karibu wote walilichukia.

"Kwa nini walichukia?"

"Kwa sababu nilikuwa mtu mmoja," alisema. "Siku wanayonitaka hawa, na wale wananitaka."

Alinihadithia kwamba jioni moja makocha wote wawili walifika jikoni kwa mama yake, kila mmoja bila ya kujua mwenziwe anakuja. Hakuna aliyekubali kuondoka kwanza. Walikunywa chai, wakazungumza khabari za mvua na bei ya ndama, wakanywa chai tena, mpaka mama yake akachoka akazima jiko na kuwaambia kwamba mtoto wake analala na wao wakalale. Kocha alikuwa yuko bandani muda wote ule, kajificha kwa ng'ombe.

Mambo haya alikuwa akitusimulia barazani kwetu Hail, maana baada ya muda alizoea kuja chakula cha mchana siku za Ijumaa. Mwanzo nilikuwa nnamfasiria Mama. Kisha siku moja Kocha akanambia anataka kujifunza Kiswahili.

"Watu wanakuja Maskati wanajifunza Kiarabu," nikamwambia.

"Kiarabu ni cha kazini," alinijibu. "Mama yako akisema na Asya, nnamsikia bibi yangu akisema na mimi. Bibi yangu alikuwa na lugha yake, ile ya zamani ya kwetu. Sikujifunza. Nilikuwa daima nnakwenda mazoezini."

Basi akafunzwa na Mama. Alisema "mtoto kizuri" na "viti mrefu" mpaka Asya akaanguka kwa kucheka, na Mama akamkataza Asya kucheka lakini yeye mwenyewe akaingia ndani kucheka jikoni. Mwisho Kocha alisema Kiswahili cha kizee cha Unguja kwa sauti ya Mwairishi. Akenda dukani Khuwair kwa vijana wa Kitanzania wanaouza vocha, akawaambia, "Nnataka, lakini si haba nkipata kidogo," na vijana wakamuita mwenzao aje asikie.

Mama alipenda kumuuliza maswali, na maswali yake hayakuwa ya kuzunguka.

"Huko kucheza kwenu walikulipa?"

"Hapana, Mama. Hatulipwi. Hata leo hawalipwi. Unachezea pale ulipozaliwa."

"Na mtu akihama?"

"Akihama, yeye bado ni wa kule kule."

Mama alikuwa na punje za mchele kwenye ungo, anachambua. Aliacha mkono wake juu ya ungo. "Kama siye," alisema. Kisha akaendelea kuchambua.

Alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Mvua ikinyesha Maskati, na inanyesha mara chache, watu wote tunatoka na magari kwenda kuitazama. Kocha alikuwa wa kwanza kushuka chini, anasimama barabarani mbele ya duka la dobi bila kofia, uso juu. Ukimwambia, "Alhamdulillahi, mvua," anakujibu, "Hii? Hii siyo mvua." Na haingii ndani mpaka imekwisha.

Nyumbani kwake hapakuwa na picha hata moja ya mchezo. Hapakuwa na jezi wala medali. Palikuwa na kalenda ya benki, redio, na fimbo zimeegemezwa nyuma ya mlango. Watu wa kwao waliopo Maskati wana timu yao na mikusanyiko yao, na wakati wa mechi kubwa, katikati ya joto letu, hukusanyika kwenye hoteli kutazama televisheni pamoja. Walimwalika kila mwaka. Hakwenda. Siku hizo alikuja na gari lake mpaka mbele ya karakana yangu, mahali penye kivuli cha ukuta, akakaa ndani na kiyoyozi kinanguruma, simu sikioni, akisikiliza matangazo ya kule. Nilimuona kwa kioo. Alikuwa hashangilii, hapigi usukani. Mdomo wake ulikwenda na sauti ya mtangazaji, anataja majina ya vijiji. Ikimalizika, huingia ndani kuniuliza khabari za mbao.

Kwa watoto alikuwa mpole mno. Sikupata kumsikia akimpigia mtoto kelele, ingawa kwa wazazi waliosimama pembeni wakifoka aliweza kunguruma mpaka bawabu akatoka kwenye kibanda chake. Alikuwa na neno lake kabla ya kila mechi: "Hakuna haraka, ila wahi." Asya bado analisema, na mimi nalisema kwa mafundi wangu.

Kitu kimoja tu hakukiregeza. Hakuna mtoto aliyegusa fimbo, ya hoki au ya plastiki, au hata kijiti cha kuchezea, bila kofia ngumu yenye wavu wa chuma mbele ya uso. Skuli ilimwambia si lazima. Wazazi walimcheka; mmoja alimwambia watoto wanakwenda kucheza, hawendi vitani. Kocha alisikiliza, akatikisa kichwa, akafungua mlango wa stoo akatoa kofia. Asiyevaa hakucheza. Kuna mtoto alivua yake mara moja kwa sababu ya joto, mara moja tu, na Kocha alivuka uwanja mzima na lile goti lake mbio, akamshika mabega, na uso wake ulikuwa mweupe kabisa. Hakumgombeza. Alimvisha kofia, akafunga kamba chini ya kidevu na, Asya aliniambia, akaivuta mara mbili kuhakikisha imekaza.

Sikujua sababu mpaka mwaka ule wa Asya.

Binti yangu alikuwa na kipaji, na sisemi hivyo kwa kuwa ni wangu. Alicheza hoki na alicheza mpira wa miguu, na yote miwili alikuwa katika wale wanaoitwa kwanza. Alipofika madarasa ya juu, timu zote mbili zikamtaka kwa mashindano ya skuli, na mazoezi yakagongana. Nikadhani Kocha ndiye mtu pekee duniani wa kumfahamu. Lakini alimwita ofisini kwake akamwambia, "Chagua mmoja."

Asya alirudi nyumbani kavimba macho. Ijumaa ile Kocha alipokuja Hail, Asya hakungoja hata avue viatu. "Wewe ulichagua?" alimuuliza.

"Asya," nikamkemea.

"Muache," alisema Kocha. Alikaa kwenye mkeka, mgongo ukutani. Mama aliweka sahani ya mbatata chini. Na kwa Kiswahili, pole pole, akisita kutafuta maneno na mengine akiniomba mimi, akatuhadithia.

Alikuwa na mdogo wake mmoja. Walikua pamoja, wakikamua ng'ombe pamoja, wakipigiana mpira kwenye ukuta wa banda mpaka giza. Mdogo wake aliupenda mchezo wa fimbo tu, na aliujua, lakini kwenye timu ya mkoa mahali pake palikuwa benchi, kwa sababu aliyecheza nafasi ile ni kaka yake. Kila mechi alivaa jezi, akakaa, akavua jezi.

Kisha ikaja siku moja, mchana wa kiangazi, ambapo timu zote mbili za mkoa zilikuwa na mechi wakati mmoja, miji miwili mbali mbali. Makocha hawakukubaliana. Baba yake, ambaye alikuwa mtu wa fimbo roho na mwili, hakumwambia kitu, alingoja. Kocha alichagua mpira. Alisema hata leo hajui kwa nini. Labda kwa kuwa upande ule walimpigia simu asubuhi na upande wa pili walidhani atakuja tu.

Walishinda. Alifunga mwenyewe, watu wakaingia uwanjani wakambeba. Walikuwa mkahawani wanakula, bado na jezi zao, simu ikalia kaunta na mwenye mkahawa akaita jina lake.

Mdogo wake ndiye aliyechukua nafasi yake. Wakati ule watu wazima hawakuvaa kofia. Aliyevaa alionekana muoga. Mpira ulikuwa hewani, wachezaji wawili waliinua fimbo pamoja, na fimbo ya mmoja ikatua kwenye jicho la mdogo wake.

"Nlikwenda hospitali na jezi," alisema Kocha. "Jezi ya mpira. Sikuikumbuka kuivua. Yeye kalala, kichwa chote bandeji. Akanisikia naingia. Akaniuliza, 'Mmeshinda?' Nkamwambia, tumeshinda. Akasema, 'Vizuri.'"

Mama alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio.

"Jicho halikupona. Na siye hatujazungumza tena khabari ile. Mpaka leo. Baba aliiondoa fimbo yangu ukutani akaiweka banda la mbao. Hakunitukana. Bora angenitukana."

Alicheza msimu mmoja zaidi, mpira tu, kisha akatafuta kazi nje ya nchi, huku na huku, mpaka akafika Maskati. Alirudi kumzika baba yake, alirudi kumzika mama yake, siku chache chache. Kila Jumapili mdogo wake alimpigia, na wakazungumza khabari za ng'ombe na mvua. Karibu miaka arubaini, ng'ombe na mvua.

Asya alikuwa analia. Kocha akamgeukia. "Mimi nlicheza yote miwili," akamwambia, "na sijapata furaha kama ile, na sitaipata. Sikwambii uwongo. Lakini mtu mmoja hawezi kuwa pahala pawili, na yule anayekungoja pale usipokuwepo, wewe humuoni."

Asya alichagua hoki. Hakumsamehe Kocha mara moja. Alimsamehe alipokuwa chuoni, akaja kumwambia mwenyewe, na wakakaa garini mbele ya karakana wakala ayskrimu wote wawili bila kunialika.

Miaka ikenda. Goti likafanyiwa operesheni, likafuata la pili. Skuli ikamwambia kwa heshima, na keki, kwamba umri umefika na mkataba hautarefushwa. Bila kazi hakuna ukaazi. Nilimsaidia kuuza gari. Alikuwa akitembea Khuwair kila asubuhi kabla ya jua kupanda, na sasa akawa anatembea na jioni pia, mitaa ile ile, akisalimiana na kila mtu. Dobi alinambia Kocha alipanda kwenye paa la jengo akakaa saa nzima akitazama milima, akashuka, akasema hajui kwa nini miaka yote hakuwahi kupanda.

Siku chache kabla ya safari, nilimchukua kwenda Hail kumuaga Mama. Ilikuwa Jumapili, baada ya Alasiri, hewa ya baridi yetu ile nzuri. Mama sasa ni mtu wa miaka thamanini na kitu, anatembea kwa bakora, lakini masikio yake mazima na ulimi ndiyo kabisa.

"Huko kwenu utakaa na nani?" alimuuliza.

"Na ndugu yangu, Mama. Hakuoa. Yumo nyumba ile ile ya wazee wetu. Kanitengezea chumba."

"Mshazungumza?"

Kocha akacheka kidogo. "Tunazungumza kila Jumapili."

"Sikukuuliza hivyo."

Na kabla hajajibu, simu yake ikalia. Kwao ni mchana, watu wametoka kanisani. Alitaka kuikata, Mama akamzuia. "Ipokee. Nnataka kumuona."

Akaifungua kwa picha, akamuelekezea Mama. Mtu mwenye nywele nyeupe, uso mwekundu wa upepo, nyuma yake jiko la zamani na birika. Jicho moja lilitembea, la pili, la kioo, lilikaa pale pale. Mama alimtazama vizuri, hakuona haya.

"Asalamu alaykum," akamwambia. "Muulize hali."

Kocha akafasiri. Yule akasema hajambo, akauliza kama bibi ndiye anayempikia ndugu yake mbatata.

"Mwambie ndiye. Sasa muulize, siku ile alikungojea?"

Kocha akaiziba simu kwa kiganja. "Mama, siye hatuzungumzi hiyo."

"Ndo maana nakwambia muulize. Mie mzee, nkiuliza mie si weye."

Alinitazama mimi. Akauliza. Kiingereza nnakifahamu, kwa hiyo jawabu nililisikia kwa masikio yangu, bila ya mkalimani.

Mdogo wake alisogea karibu na simu. Kisha akasema, "Mwambie bibi nilingoja mlangoni pa chumba cha kubadilishia nguo mpaka walipotuita. Na mwambie nilikuwa naomba Mungu usije."

Kocha hakufasiri.

"Nilikaa benchi nyuma yako tangu nilipoota ndevu," akaendelea yule. "Siku ile jezi ilikuwa yangu. Nilicheza kipindi cha kwanza chote, na kidogo cha pili. Umejua hilo? Nilipata pointi. Nilimzuia yule mtu wao mkubwa ambaye wewe mwenyewe alikushinda. Watu walikuwa wanaita jina langu. Langu, siyo lako. Halafu ndiyo ikaja fimbo. Miaka yote hii wewe unaomboleza jicho langu, na hakuna hata siku moja uliyoniuliza nilichezaje."

Mama akanigusa goti. "Kasema nini?"

"Ngoja, Mama."

Kocha alikuwa ameishika simu kwa mikono miwili. Kisha akasema, kwa sauti nisiyoijua, "Ulichezaje?"

Na mdogo wake akamwambia. Alianza na hali ya uwanja, kwamba majani yalikuwa hayajakatwa vizuri upande mmoja, akaenda mpira kwa mpira, nani alimpa, alimpita nani, upepo ulikuwa wapi. Kocha aliuliza, "Mguu gani?" Akauliza, "Na yeye akafanya nini?" Akacheka mara moja, kicheko cha mtoto. Machozi yalikuwa yanamteremka, naye hakuyafuta. Mimi nilianza kumfasiria Mama, nikaacha. Alikuwa amenyoosha mguu, anamtazama Kocha tu, na ilionekana hahitaji.

Walipomaliza hawakuagana kwa maneno makubwa. Mdogo wake alimwambia alete nguo za baridi, na kwamba ng'ombe mmoja karibu anazaa.

Kocha alisimama, akakaa tena kwenye ngazi ya mlangoni kuvaa viatu. Vidole vile havikupenda kamba, aliifunga, ikafunguka. Mama alikuja akasimama nyuma yake.

"Mama," alisema bila kugeuka, "nnaogopa."

"Unaogopa nini?"

"Kufika."

Mama alimwekea mkono begani. Kisha akasema jambo ambalo mimi mwanawe sikupata kulisikia.

"Mie nlirudi Unguja mara moja. Watu wa hapa wanajua nlikwenda, hawajui nlifanya nini. Nlikwenda mpaka nyumbani kwetu, nkabisha hodi. Mlango ule ule. Akatoka mwanamke kijana, mzuri, na adabu yake, akanambia karibu, bibi, unamtaka nani? Nkawataja wote kimoyomoyo, baba, mama, shangazi, jirani. Hakuna. Nkamwambia samahani mwanangu, nimepotea nyumba." Aliegemea bakora. "Weye ukibisha hodi, atakaefungua anakujua. Haya, nenda."

Kocha akamaliza kufunga kamba. Akainuka, akasema, "Kwaheri, Mama." Na Mama, ambaye siku zote humsindikiza mgeni mpaka kizingitini, siku ile alitoka na bakora yake, akashuka ngazi moja moja, akenda naye mpaka kwenye gari.